UUGUZI NA NGAZI ZAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mwamanyili)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya kazi ya uuguzi na njia ya kupanda cheo katika kazi hiyo. Huenda mtu akauliza: Karani ana shauri gani na wauguzi? Jawabu ni hili: muuguzi humhudumia mgonjwa, lakini karani ndiye aandikaye barua ya kumpandisha muuguzi. Barua ikilala, na mwenyewe hulala nayo.

Kwanza tutazame ilikotoka kazi hii. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Tanganyika ilianza kuwafundisha madresa wa vijijini, ambao mishahara yao ilitoka katika Hazina za Wenyeji. Walifunga vidonda na kugawa dawa, na wengi wao walikuwa wanaume. Basi asemaye kuwa kutunza wagonjwa ni kazi ya wanawake tu hajui habari za nchi yake.

Siku hizi mambo yamegeuka sana. Mwaka 2007 Serikali ilitoa mpango wa afya ya msingi, kusudi kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Tena kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hapana ruhusa mtu kufanya kazi hiyo bila kuandikishwa na Baraza na kuwa na leseni. Majengo huweza kujengwa kwa miezi michache, bali muuguzi hufundishwa kwa miaka.

Ngazi zenyewe ni tatu. Mwenye cheti huitwa Muuguzi; mwenye stashahada huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi; mwenye shahada huitwa Afisa Muuguzi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne atakaye kuingia chuoni hutakiwa awe amefaulu masomo manne, na ndani yake ziwemo kemia, baiolojia na fizikia. Kwa hiyo shauri la uuguzi huanzia kidato cha kwanza, wala si siku ya kujaza fomu.

Hapa twataka kusema neno kwa wazazi wa Usukuma huu wetu. Mahari ya ng'ombe ni desturi yetu, wala hatuidharau. Lakini binti anayeozwa kabla ya kumaliza shule huleta ng'ombe mara moja tu. Akiwa muuguzi, atawafaa wazazi wake miaka mingi, na jirani zao pia, usiku wa uzazi na mchana wa homa.

Sasa twaja kwenye jambo linalotuuma. Twamjua muuguzi mmoja mwenye cheti aliyekwenda kusoma stashahada kwa fedha zake. Alirudi amefaulu, akapeleka hati zake katika ofisi moja ili abadilishiwe kada. Aliambiwa hakuna barua ya ruhusa ya masomo katika jalada lake. Alikuwa ameruhusiwa kwa mdomo tu. Hata leo afanya kazi za cheo cha juu kwa mshahara wa cheo cha chini.

Mabwana, ugonjwa huu dawa yake iko mezani petu. Muuguzi aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuondoka, naye abaki na nakala. Jina lake litiwe katika mpango wa mafunzo, na nafasi yake mpya iombewe katika ikama na bajeti mapema, maana pasipo nafasi hati nzuri haimpandishi mtu. Kadhalika atunze vyeti vyake vya asili. Twakumbuka uhakiki wa mwaka 2017, ambapo watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo kila mtu ameona thamani ya karatasi ya kweli.

Mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika kule Tanga, walijua kuwa mtumishi mmoja peke yake hasikiki upesi. Muuguzi wa zahanati ya mbali yu peke yake. Yatupasa sisi tulio karibu na majalada tuwe sauti yake. Kila karani aliye hapa, arudipo ofisini, na atazame trei yake: ikiwamo barua ya muuguzi, asiiache ilale siku ya pili.