Deni la Mume, Shamba la Nani?



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona tu. Mume au mke akifilisika, na ndoa nayo iko karibu kuvunjika, yule mwingine anabaki na nini? Tunajua wapo watakaouliza mbona sisi wa kanisa tunataja habari za talaka. Fundisho kuhusu ndoa liko pale pale. Lakini dalali akifika bomani haulizi mlifungia ndoa wapi.

Tuanze na mama mmoja tuliyemsaidia. Mumewe alikuwa akiuza mahindi. Alikopa hapa, akakopa pale, akajaza stoo, kisha bei ikaanguka. Wadai walipoanza kubisha alihamia mjini, akatuma habari kwamba anataka talaka. Mama alitujia na neno moja: "Heri nipewe hiyo talaka upesi, madeni yamfuate yeye."

Sivyo mambo yalivyo. Tulimwuliza: mama, ulitia sahihi wapi? Alinyamaza, halafu akakumbuka karatasi mbili. Alizitia sahihi usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, mumewe akimwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika.

Ya kwanza ilikuwa ya kumdhamini mumewe. Mdhamini ameahidi kulipa yeye mwenyewe, na mkopeshaji hana habari na talaka yenu. Tena mume akitangazwa na korti kuwa amefilisika, mkopeshaji humgeukia mdhamini mbio, maana kwingine hapati kitu. Karatasi ya pili ilikubali shamba wanaloishi liwekwe rehani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu kama mume au mke anayeishi humo hakukubali. Kwa hiyo, mama huyu angekataa, rehani ile isingekuwa na nguvu.

Na madeni ambayo hukutia sahihi je? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hubebwa sawa na wote wawili. Tuseme karo, ama paa la nyumba. La pombe na kamari ni lake aliyelichukua. Wazee mnaocheka huko nyuma, hili ni lenu pia; mke naye hukopa.

Sasa tuje kwenye mali. Mtu akifilisishwa na korti, mali yake huwekwa chini ya msimamizi ili wadai walipwe. Mali yake, si yako. Shida ni kwamba hati ya shamba mara nyingi ina jina moja. Hapo sheria hiyo ya 2013 inakusaidia: mali iliyonunuliwa katika ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kwamba amemshikia mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vingine. Kulea watoto, kupika na kulima shamba la jamii huhesabiwa kuwa mchango. Lakini msidanganywe ati kila mtu hupata nusu. Mahakama ya Upeo ilisema mnamo Januari 2023 kwamba kila mmoja hupata kulingana na mchango aliouthibitisha.

Mama yetu alithibitisha kwa nini? Kwa daftari la chama. Mhazini wao alikuwa ameandika siku aliyopokea zamu yake, kiasi, na maneno haya: mabati ya nyumba. Wahazini, tafadhali sikieni hapo. Wengi wenu huandika jina na pesa tu. Andikeni na kazi ya pesa. Risiti za mbegu na za maziwa nazo zisiwashiwe moto jikoni.

Wala si lazima kungoja talaka. Mke au mume anaweza kwenda kortini mapema aombe itamkwe haki yake katika mali ni ipi. Aende kabla wadai hawajauza. Njia ya mkato tunayoiona vijijini, ya kumwandikia mke ama ndugu shamba wakati madeni yamekwisha bisha hodi, ni hatari. Korti inaweza kuivunja zawadi ya namna hiyo.

Watoto je? Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa wa kuwalea, wawe wameoana au la. Kufilisika hakuufuti.

Kesi ya mama huyu haijaisha. Deni la udhamini bado analilipa kidogo kidogo kwa pesa za maziwa. Wasio na uwezo wa wakili wanaweza kuuliza FIDA-Kenya, ama ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Mkutano ujao, kila mmoja aje na karatasi za mkopo alizotia sahihi, hata zile za zamani. Tutazisoma pamoja, moja moja.