Kiwanja chako, makaratasi yako: usiachie komisioneri maisha yako

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Goma, 2023



Leo hatutaongea maji wala umeme. Tutaongea kiwanja. Juu wengi kati yenu, makuta ya kwanza mutakayoweka pembeni, mutataka kununua kipande cha udongo mu Goma, hata kama ni kule kwenye mawe ya volkano. Na hapo njo kijana anaweza kupoteza jasho ya miaka kumi ku siku moja. Uliza avocat yeyote wa hapa mujini: kesi gani zinamujalia ku meza? Atakujibia: viwanja. Na nyuma ya kesi kuna majirani wanaochukiana, kuna wandugu wa tumbo moja wasiosalimiana tena.

Watu wanasema: «Sheria ni ya wenye kusoma, mimi nitatafuta komisioneri.» Hapana. Komisioneri analipwa siku unanunua. Siku unafukuzwa, simu yake haipite tena. Kwa hiyo tujifunze kazi hii sisi wenyewe.

Tuanze na musingi. Sheria ya 20 Julai 1973, ile iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serkali peke yake. Hakuna mutu anayeuzisha udongo wa Congo. Kile munthu anauzisha ni haki ya kuutumia, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Mucongomani anaweza kupata concession perpétuelle, haki isiyo na mwisho. Mugeni anapata ya muda tu. Na sheria hiyo inasema haki hiyo inasimama juu ya karatasi moja: certificat d'enregistrement.

Karatasi moja, wandugu. Basi tuangalie zile zingine zinazotembea mu mifuko.

Fiche parcellaire: inatoka ku quartier ao ku commune. Inaonyesha kama unajulikana pale. Ni mwanzo, si title. Usilipe bei ya nyumba juu ya fiche peke yake ukajidanganya kama umemaliza.

Acte de vente iliyoandikwa ku kaye, na mashahidi watatu na chupa za fanta: ni ushuhuda kama makuta yalitoka. Lakini mbele ya Serkali, jina ya kiwanja haijageuka.

Contrat de location: hii inatoka kwa Serkali, lakini ni ya kungojea. Muda wake hauzidi miaka 3. Mwenyewe anapashwa kujenga, nyuma wanakuja kuona ile mise en valeur, njo anaenda kuomba certificat. Kama mutu anakuuzishia na contrat tu, soma tarehe. Na usitoe makuta mbele conservateur hajakuambia kama inawezekana kupitisha haki kwako.

Sasa, hatua kwa hatua.

Ya kwanza, usiangalie fotokopi. Omba original. Juu ya certificat kuna namba ya Volume na ya Folio. Certificat inafanywa mara mbili: moja iko na mwenyewe, ingine inabakia mu kitabu kwa conservateur des titres immobiliers. Andika zile namba, enda wewe mwenyewe, omba waangalie kama jina ni lile lile, na kama hakuna hypothèque. Mutu anaweza kukuuzishia nyumba aliyokwisha kuweka rehani ku banki, na ile hypothèque inafuata nyumba.

Ya pili, enda ku kiwanja pamoja na mutu wa cadastre. Hapa Goma tunajua: volkano ya 2002 ilifunika mitaa, na ile ya 22 Mei 2021 ikafunika tena manyumba upande wa Nyiragongo. Borne zilipotea chini ya mawe. Kwa hiyo wapime tena, na majirani wakiwa pale. Ongea na majirani kabla, bila muuzishaji na bila komisioneri. Mama anayeuzisha makala ku kona anajua mambo mingi kuliko dosie. Na kama ni kule pembeni ya muji, uliza: hapa tuko mu ville ao mu teritware? Usikute umepewa makaratasi na chef asiye na neno pale.

Ya tatu, uliza familia. Code de la famille inasema: hata kama bwana na bibi walioana mu regime gani, kuuzisha kiwanja ao nyumba kunaomba ukubali wa wote wawili. Bwana akikuambia «bibi yangu hana neno,» wewe mwambie: «Basi aje atie mukono.» Kama mwenye nyumba alikufa, usinunue kwa mutoto mukubwa peke yake. Watoto wote ni wariti, wasichana sawa na wavulana, hata wale waliozaliwa inje ya ndoa wakiwa wametambuliwa. Mujane naye ana haki zake mu ile nyumba. Unaomba PV ya familia, unaomba kuona liquidateur, na wote wanatia mukono. Hii si kujilinda peke yake. Kuna wamama wanafukuzwa mu nyumba walizojenga na mabwana zao, juu kijana mmoja alikuwa na haraka ya kununua bei ya chini. Usikuwe huyo kijana.

Ya ine, mufanye acte mbele ya notaire ao conservateur, halafu muombe mutation. Njo siku hiyo nyumba inakuwa yako kweli: certificat ya zamani inakufa, mupya inatoka na jina yako. Feza za Serkali zinalipwa ku banki, na note de perception. Hakuna note, hakuna kulipa. Agent akikuambia «tupatane hapa hapa,» omba karatasi. Bila karatasi, ulichotoa ni rushwa, na kesho hautakuwa na kitu cha kuonyesha.

Na feza ya muuzishaji? Usitoe yote kwa mara moja. Sehemu siku ya acte, sehemu siku ya mutation, na kila sehemu na reçu.

Wewe unayeuzisha, kazi yako ni hii: tayarisha original, leta bibi ao bwana, sema ukweli juu ya deni na juu ya kesi. Usipane certificat yako kwa komisioneri «akatafute mununuzi». Na ujue: kuuzisha kiwanja unachojua si chako, ni kosa ya jela. Jina yake ni stellionat.

Neno la mwisho, na mulishike. Certificat ikipita miaka 2, haipinguwe tena kirahisi. Mutu akitoa certificat juu ya kiwanja chako kwa ujanja, na wewe umelala, baada ya hapo utabakia kuomba damages, si nyumba. Kwa hiyo kila mwaka pita kwa conservateur, uliza Folio yako iko namna gani.

Tunaomba Serkali ibandike bei zote ku mulango ya ofisi, tena mu Kiswahili. Tutaendelea kuiomba. Lakini tukingojea, muende wawili wawili, mmoja anaongea, mwingine anaandika. Agent anayeona mwanainchi anaandika, anakumbuka sheria haraka.