Kahawa ya Luwak: Je, Yastahili Bei Yake?



Tumeulizwa kuhusu kahawa ya luwak ya Indonesia, ambayo bei yake huzidi ile ya kahawa ya kawaida mara nyingi. Luwak ni mnyama wa jamii ya fungo. Hula matunda ya mbuni, na buni hutoka pamoja na kinyesi chake. Mwaka 2010 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kwamba ni halali maadamu buni zimeoshwa. Basi la najisi tuliache.

Limebaki la fedha. Zamani mnunuzi alilipia uhaba, kwani buni ziliokotwa msituni, chache tu. Lakini mwaka 2013 waandishi wa BBC waliwakuta luwak wa Sumatra wamefungiwa vizimbani, na kahawa yao ikiuzwa kwa jina la kahawa ya mwituni. Tony Wild, aliyeipeleka Uingereza mwaka 1991, aligeuka mwaka huohuo wa 2013 akaanza kuipinga hadharani. Ajabu, muuzaji mwenyewe!

Kurani Tukufu haikomei kwenye halali, bali hutaka kitu kiwe pia kizuri. Sisi hatuoni uzuri katika kikombe kinachotokana na kizimba, tena kwa bei ya uhuru wa msituni.