Jua Ni la Bure, Betri Si ya Bure
Mazungumzo juu ya kontrola ya sola, kwa wakazi wa Kashojwa



Kusudi la mazungumzo haya ni moja: betri mliyoinunua kwa taabu isife kabla ya wakati wake. Wengi wenu mnachaji simu za watu, mnanyoa nywele, au mnawasha taa ili watoto wasome. Paneli ikitunzwa hudumu miaka 20 na zaidi. Betri ndiyo hufa upesi, na ndiyo humrudisha mtu Mbarara na akiba yote ya nyumba mfukoni.

Kwa nini kontrola? Paneli iitwayo ya volti 12 hutoa volti 18 hivi inapofanya kazi. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri, mchana betri huchemka, maji hukauka, na hewa inayotoka huweza kuwaka. Usiku taa na redio huinyonya mpaka iishe kabisa. Kontrola huzuia mambo yote mawili.

Kuchagua. Gawanya wati za paneli kwa 18 upate ampea. Wati 100 ni ampea 5 na nusu hivi. Kontrola ya ampea 10 inatosha.

Kufunga. Vua pete na saa ya chuma kwanza. Kisha fuata utaratibu huu:

1. Betri kwanza. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kontrola nyingi hutambua hapo kama betri ni ya volti 12 au 24.
2. Paneli ya pili. Ifunike kwa nguo nzito unapounganisha.
3. Taa na vyombo vidogo mwisho. Inveta haifungwi kwenye kontrola. Hufungwa kwenye betri yenyewe, na fyuzi yake.

Ukitaka kufungua, rudi kinyume: vyombo, paneli, na betri mwisho.

Kupanga kontrola. Chagua aina ya betri: ya maji, iliyofungwa, jeli au lithiamu. Betri nyingi za risasi za volti 12 hutaka kufika volti 14.4 hivi, kisha kushikiliwa karibu na 13.7. Jeli hutaka pungufu kidogo. Someni maandishi ya betri. Kontrola isiyo na mpango wa lithiamu isitumiwe kwa lithiamu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kontrola nyingi za bei nafuu hukata umeme betri ikishuka hadi volti 11 hivi au chini yake. Kwa betri ya risasi, hapo imekwisha kuchoka sana. Pandisheni hadi 11.6 au 11.8. Taa zitazimika mapema kidogo usiku huu, lakini betri itaishi muda mrefu zaidi.

Mahali. Kontrola itundikwe wima, karibu na betri. Betri ikae juu ya mbao, penye hewa, mbali na jiko na mikono ya watoto. Isiwekwe chini ya kitanda. Nyumba ya turubai huungua kwa dakika chache, na moto hauulizi ni ya jirani yupi. Paneli ielekezwe kaskazini kidogo, kwa maana sisi tuko kusini ya ikweta, nayo iinamishwe ili mvua isafishe vumbi.

Betri ya maji iongezwe maji ya betri tu, si ya ziwa wala ya bomba. Betri iliyokufa isivunjwe, wala asidi isimwagwe. Risasi yake ni sumu kwa watoto. Ipelekwe nzima kwa wanunuzi wa betri kuukuu.

Kila jioni tazameni kontrola kabla ya kuwasha taa. Na anayejua amwonyeshe jirani asiyejua kusoma.