Maktaba Moja, Kifurushi Chake: Kwa Nini Tusikubali Programu Zenye Nakala Zilizofichwa

Haya ni maneno ya mmoja wa maafisa wa TEHAMA wa kaunti, alipozungumza na maafisa wa ununuzi wa idara, wauzaji wa programu na vijana wanaosomea kompyuta katika vyuo vya kiufundi.



Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni la mafundi peke yao: kwa nini maktaba ya mtandao ifungwe katika kifurushi chake yenyewe kwenye Linux, badala ya kufichwa ndani ya kila programu inayoitumia. Nitaanza na zahanati, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikotuuma.

Jumatano, Oktoba 11, 2023, siku moja baada ya mapumziko ya Siku ya Utamaduni, tulifika ofisini tukijua kazi inatungoja. Wiki moja kabla, Daniel Stenberg, Mswidi aliyeanzisha programu huria ya curl, alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo atatoa toleo la 8.4.0 ili kuziba tundu kubwa la usalama. Hakusema tundu liko wapi, ili wahalifu wasitangulie. Seva zetu zinazotumia Debian zilipata kiraka siku hiyo hiyo. Tulitoa amri mbili, tukawasha upya huduma zinazohusika, na kabla ya kufunga ofisi tulikuwa tumemaliza.

Isipokuwa mashine moja. Hiyo ilikuwa na programu iliyonunuliwa kwa zabuni, ya kupokea hesabu za dawa kutoka zahanati ili bohari ijue wapi pamepungukiwa. Nitairudia baadaye.

Kwanza tuelewane kuhusu neno maktaba. Maktaba ninayoisema si ya vitabu. Ni kipande cha programu kinachofanya kazi fulani, na ambacho programu nyingine hukiazima badala ya kila moja kujiandikia chake. Maktaba ya mtandao huitwa na programu inapotaka kuchukua au kupeleka data kwenye kompyuta nyingine. Curl ilianza mwaka 1998 kama amri ya kuandikwa kwenye skrini. Mwaka 2000 ndani yake ikatolewa maktaba, libcurl, ili programu nyingine nazo zitumie kazi ile ile. Leo imo karibu kila mahali: kwenye seva, simu, televisheni, hata magari.

Sasa fikirini ploti yenye nyumba kumi za kupanga. Mwenye ploti anaweza kuweka tangi moja kubwa juu, na mabomba yakaenda kila nyumba. Au kila mpangaji anaweza kununua mtungi wake na kuuficha uvunguni. Mitungi ina raha yake: huna haja ya kumuuliza jirani. Lakini siku afisa wa afya akija kusema maji ya wiki hii yana vijidudu, tangi moja utalisafisha asubuhi moja. Mitungi kumi iliyofichwa, nani ataihesabu?

Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, umechagua tangi. Kanuni zake zinasema kifurushi kisitumie nakala ya maktaba iliyobebwa ndani ya programu, ila pale ambapo maktaba hiyo yenyewe imekusudiwa kutumiwa hivyo. Fedora nao wanataka maktaba ya mfumo itumike inapowezekana, na nakala ikilazimika kubebwa ndani, itangazwe kwenye kifurushi ili ijulikane ilipo.

Kwa vijana, hivi ndivyo kazi inavyofanyika. Chukueni Debian 12. Msimbo wa curl ni mmoja, lakini mjenzi wa vifurushi anaugawa. Kifurushi kiitwacho curl kina ile amri tu. Kingine, libcurl4, kina maktaba yenyewe. Kingine, libcurl4-openssl-dev, kina faili anazohitaji anayeandika programu mpya. Hivyo seva isiyohitaji faili za waandishi haizibebi.

Ile namba 4 si toleo la curl. Ni namba ya makubaliano kati ya maktaba na wanaoiazima: majina ya kazi zake na namna ya kuziita. Maadamu makubaliano hayajavunjwa, namba haibadiliki, na programu iliyojengwa mwaka jana itafanya kazi na maktaba iliyorekebishwa leo asubuhi. Libcurl ilipanda hadi 4 mwaka 2006 na imebaki hapo. Uaminifu wa namna hiyo ndio unaoliwezesha tangi moja kuhudumia nyumba nyingi.

Anayefunga programu nyingine inayohitaji libcurl ana kazi nne. Aondoe nakala iliyomo ndani ya msimbo. Aielekeze programu itumie maktaba ya mfumo. Aandike katika kifurushi kwamba kinategemea libcurl4. Kisha aijaribu. Kazi ngumu huja pale mwandishi wa programu alipoichezea ile nakala yake, akaongeza mistari ambayo haimo katika maktaba halisi. Hapo mjenzi hana budi kuichambua mistari hiyo na kuipeleka kwa wenye maktaba ili waikubali, au aitafutie njia nyingine. Ni kazi ya kuchosha, na wengi wanaoifanya ni watu wa kujitolea.

Faida yake tuliiona siku ile. Tundu lilikuwa katika matoleo ya kuanzia 7.69.0, la Machi 2020, hadi 8.3.0. Jina la kompyuta lenye urefu wa zaidi ya baiti 255 lilipopitishwa kwa proksi ya aina ya SOCKS5, liliweza kumwagika nje ya nafasi liliyotengewa katika kumbukumbu. Debian 12 ilikuwa na 7.88.1. Hawakutulazimisha kuhamia 8.4.0 na mabadiliko yake mengine yote. Walichukua mistari ya kiraka peke yake wakaiweka kwenye 7.88.1. Kifurushi kimoja kikabadilika, na kila programu iliyokitegemea ikapona.

Neno moja la tahadhari hapo. Programu iliyokwisha kuwaka huendelea kutumia maktaba ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu hadi iwashwe upya. Ukiweka kiraka ukaenda nyumbani, hujamaliza kazi.

Turudi kwa mashine ya dawa. Tuliuliza mfumo ni maktaba zipi inazoazima, kwa amri ya ldd. Libcurl haikuonekana. Tungeweza kushangilia, lakini mwenzetu mmoja akaomba tusome maneno yaliyomo ndani ya faili ya programu. Akaliona jina la libcurl, na namba ya toleo ikiwa katikati kabisa ya matoleo yenye tundu. Maktaba ilikuwa imeyeyushwa ndani ya programu kama chumvi ndani ya mchuzi. Sisi tusingeweza kuitoa wala kuibadilisha.

Tulimwandikia aliyetuuzia. Simtaji, na hayupo hapa. Akajibu kwamba nakala yake ina mistari aliyoiongeza mwenyewe, na kwamba kuijenga upya ni kazi ya kulipiwa nje ya mkataba. Tukauliza kama programu inatumia proksi ya aina ile. Hakujua. Tukaikata mashine isionane na mtandao wa nje. Kwa wiki mbili wahudumu wa zahanati wakarudi kwenye karatasi na simu, na hesabu zikafika bohari zimechelewa. Kuna mama aliyembeba mtoto akatembea hadi zahanati, akaambiwa dawa ya mwanawe itafika Ijumaa, ilhali bohari ilikuwa nayo kwenye rafu.

Mwishowe jibu lilikuja: proksi hiyo haitumiki kabisa. Yaani hatukuwa hatarini. Tuliumizwa na kutojua. Na kosa la kwanza lilikuwa letu sisi, kwa sababu zabuni yetu haikuuliza programu imebeba nini tumboni.

Sitaki mwondoke mkidhani tangi halina hatari. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yalikuwa yametiwa mlango wa siri kwa makusudi. Maktaba ya pamoja ikitiwa sumu, wote wanakunywa. Lakini tazameni pia jinsi ilivyotibiwa: kwa kuwa ni kifurushi kinachojitegemea, tuliweza kuuliza kila seva ina toleo gani na kujibiwa mara moja. Sumu ile ile ndani ya mitungi iliyofichwa ingetafutwa kwa miezi. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: ufa usiouona huwezi kuuziba.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Maafisa wa ununuzi, katika kila zabuni ya programu iulizwe orodha ya maktaba zilizomo na matoleo yake, ipi inatoka kwenye mfumo na ipi imebebwa ndani. Mkataba uandike ni siku ngapi muuzaji atachukua kurekebisha nakala aliyoibeba mwenyewe, na kwamba gharama ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Hatuwezi kulinda tusichokijua.

Wauzaji wetu, tumieni maktaba ya mfumo. Kama mmeongeza mistari yenu, ipelekeni kwa wenye maktaba. Ikikubaliwa, mzigo wa kuitunza hautakuwa wenu peke yenu.

Nanyi vijana, msingoje kuajiriwa ndipo mjifunze. Chagueni programu huria moja ndogo iliyobeba maktaba ndani yake. Itoeni, ijengeni na maktaba ya mfumo, ijaribuni, kisha mtume mlichofanya kwa watunzaji wake. Debian ina watu wanaowaelekeza wajenzi wapya, na hawaulizi umesoma chuo gani. Mtakosolewa, mtarudia, na siku moja kazi yenu itakuwa kwenye seva msizoziona, pengine hata ile inayohesabu dawa za zahanati ya kijijini kwenu.