Mzigo Uliopotea

Leo tutasoma habari za karani atafutaye mizigo iliyopotea katika uwanja wa ndege.

Mzigo ukipotea katika basi la Korogwe, wamwuliza utingo. Katika ndege, mambo ni mengine. Ukikabidhi begi, wapewa kipande cha karatasi chenye tarakimu 10. Tarakimu hizo hizo hufungwa kwenye begi, pamoja na herufi za mwisho wa safari: DAR ni Dar es Salaam, JRO ni Kilimanjaro.

Ukifika na begi halionekani, usitoke uwanjani. Mwendee karani. Mwonyeshe kipande chako. Mweleze rangi ya begi na vitu vilivyomo. Ataandika hati, akupe nakala, kisha ataulizia viwanja vingine. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, siku 21 zikipita bila begi kufika, waweza kudai fidia.

Kabla ya kutia sahihi, soma hati hiyo. Tarakimu moja ikikosewa, litatafutwa begi la mtu mwingine. Dawa na vyeti, vichukue mkononi.