Somo la Redio: Kusema na Daktari

Somo letu la leo ni juu ya kusema na daktari. Labda utauliza, "Kusema nako kwahitaji somo?" Ngoja kwanza usikie.

Tuseme mama ametoka Mbekenyera alfajiri, mtoto mgongoni, akafika hospitali ya Ruangwa. Akangoja kwenye benchi hata jua likapanda. Zamu yake ilipofika, daktari akamwuliza, "Mtoto ana nini?"

"Homa."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

Basi, maneno yakaishia hapo. Lakini nyumbani kulikuwa na mengine. Usiku wa jana mtoto alikakamaa, macho yakageuka, na bibi yake akasema ni degedege. Akafukizwa, akanyweshwa dawa ya mizizi. Mama ameyaficha haya yote kwa kuogopa kugombezwa.

Sasa fikiri, ndugu yangu. Mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, huenda malaria imefika kichwani, na malaria ya namna hiyo huua upesi. Neno "homa" husemwa na karibu kila mgonjwa wa benchi lile. Neno "kukakamaa" ndilo ambalo lingemfanya daktari ainuke kitini. Na ile dawa ya mizizi aambiwe pia: ni dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Wahudumu wakali wapo, sikatai. Lakini afadhali mama agombezwe kuliko mtoto akose tiba anayostahili.

Tena "siku nyingi" si hesabu. Sema hivi: "Homa ilianza Jumatatu jioni. Degedege ilimshika jana usiku, mara mbili." Wewe uliyekwisha kujifunza kuandika, yaandike nyumbani kabla ya kuondoka.

Kuna na wazee wetu wanaosema Kimwera tu, na daktari pengine ni mtu wa Bukoba au Mbeya. Mwombeni muuguzi ajuaye Kimwera, au mzee afuatane na mtu mzima anayemwamini. Mjukuu mdogo hafai kuwa mkalimani. Bibi hatataja maradhi ya siri mbele yake, atasema mgongo unamuuma tu.

Jambo jingine ni hii adabu yetu ya kujibu "Ndiyo, daktari" hata tusipoelewa. Daktari husadiki kwamba umeelewa, akamwita mwingine. Ukifika dirisha la dawa unapewa bahasha imeandikwa 1 x 3. Wengine husoma: kidonge kimoja kwa siku tatu. Sivyo! Ni kidonge kimoja, kutwa mara tatu, yaani kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Dawa mseto ya malaria ina hesabu yake. Mtu mzima humeza vidonge 4, baada ya saa 8 humeza 4 vingine, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni 24, na humezwa pamoja na chakula. Wapo wanaopata nafuu siku ya pili, wakaviweka vilivyobaki kwa ajili ya jirani. Jirani hatapona kwa vidonge nusu, na wewe mwenyewe hujapona bado. Kwa hiyo, kabla hujaondoka dirishani, rudia maneno kwa sauti: "Nimesikia hivi na hivi. Je, ni sawa?" Usione haya.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kando ya redio, wakasikiliza, kisha wakaulizana. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mmoja awe daktari, mwingine awe mama yule wa Mbekenyera, aeleze upya tangu mwanzo. Halafu fungueni madaftari, mjibu swali hili: Bahasha ya bibi imeandikwa 2 x 2. Amemeza vidonge viwili saa 1 asubuhi. Atameza vingine saa ngapi?